Ajira Kanda ya Ziwa: Tuanze na kilichomo nyumbani

Watu wanapotoka msikitini baada ya swala ya Alfajiri, soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, limekwisha kuchangamka. Boti zilizotoka visiwani usiku zimetia nanga, wapagazi wamepanga foleni kwenye ubao wa kushukia, na magunia ya dagaa yanapita begani mwao kwenda kwenye mizani. Wanunuzi wengine wametoka mbali, hata nje ya mipaka ya nchi. Mtu akisimama pale kwa nusu saa atadhani kwamba Mwanza haina mtu asiye na kazi.

Nasi tulikaribia kudhani hivyo, mpaka tulipoketi na mama mmoja anayechambua na kufungasha dagaa. Tulipomuuliza hali ya nyumbani, alisema kwamba analipwa kwa gunia, na siku isiyo na gunia haina malipo. Mwanawe wa kwanza alihitimu ualimu miaka kadhaa iliyopita. Tangu wakati huo anaomba kazi kila nafasi inapotangazwa, na baina ya tangazo na tangazo anaendesha bodaboda ya mtu mwingine. Posa aliyokuwa aipeleke imeahirishwa mara mbili. Mama yule hakuwa akilalamika. Alitaka tu kujua kama mwanawe, katika hesabu za wakubwa, anahesabiwa kuwa ana kazi au hana.

Swali hilo ndilo lililotuletea makala haya, kwa sababu jibu lake linaeleza mengi kuhusu namna serikali zetu, moja baada ya nyingine, zilivyolishughulikia suala la ajira.

Hesabu isiyomwona kijana wa Mwanza

Kwa mujibu wa tafiti za nguvu kazi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kiwango cha ukosefu wa ajira Tanzania Bara kilikuwa asilimia 11.7 mwaka 2006, kikashuka hadi takriban asilimia 10 mwaka 2014, na asilimia 9 katika utafiti wa mwaka 2020/21. Kwa kutazama juu juu, ni habari njema. Lakini wastani wa taifa unaficha mengi. Mwaka 2014, wakati taifa lilipokuwa na asilimia hiyo 10, jiji la Dar es Salaam peke yake lilikuwa na zaidi ya asilimia 20, na vijijini kiwango kilikuwa chini ya asilimia 10.

Ndugu msomaji, tazama vizuri namna nchi inavyogawanywa katika majedwali yanayonukuliwa zaidi. Kuna mafungu matatu: Dar es Salaam, miji mingine, na vijijini. Mkoa wa Mwanza, wenye watu 3,699,872 kwa sensa ya mwaka 2022, hauna fungu lake. Nyamagana na Ilemela zinatiwa katika kapu moja na kila mji mwingine wa nchi, mkubwa kwa mdogo. Ukerewe, Sengerema na Kwimba zinakwenda katika kapu la vijijini. Mvuvi wa Ukara, mkulima wa pamba na mfugaji wa mkoa wa mbali wanasomwa kwa tarakimu moja.

Tena, kiwango kidogo cha vijijini hakimaanishi kwamba huko kuna neema ya kazi. Anayepalilia shamba la baba yake anahesabiwa kuwa yumo kazini, hata kama shamba hilo halimpi cha kuuza. Kwa kipimo cha kimataifa, mtu aliyefanya kazi japo saa moja katika wiki iliyoulizwa huhesabiwa ameajiriwa. Tafsiri yetu ya kitaifa ya ukosefu wa ajira ni pana zaidi ya hiyo, lakini nayo haiwezi kupima kipato cha siku wala utulivu wa moyo. Maskini hana uwezo wa kukaa bila kazi, kwa sababu hana akiba ya kumlisha anapoisubiri. Atashika lolote. Kwa hiyo yule mwalimu wa bodaboda, kwa uwezekano mkubwa, anahesabiwa kuwa ana kazi, na mama yake pia. Katika majedwali nyumba ile haina tatizo.

Mafunzo ya shoka

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), tunasimuliwa habari za mtu wa Kiansari aliyemjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Wanazuoni wamezungumzia sanadi ya hadithi hiyo, lakini mafunzo yake yamekuwa yakitajwa na masheikh wetu kila wanapozungumzia kazi. Mtume (s.a.w.) hakuanza kwa kumpa, wala hakumfukuza. Alianza kwa kumuuliza kama nyumbani kwake kuna chochote. Yule mtu akataja nguo nzito aliyokuwa akijifunika na kuitandika, na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa mbele ya watu, vikapata dirham mbili. Moja akaamriwa awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Mtume (s.a.w.) akatia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwelekeza akakate kuni na kuuza, na akampa muda wa siku 15 kabla ya kurudi. Aliporudi alikuwa na dirham kumi.

Tuyazingatie mambo yaliyomo humo. Kwanza, aliulizwa. Pili, msaada ulijengwa juu ya kile alichokuwa nacho. Tatu, familia ililishwa kwanza ili mwenye kazi asifanye kazi na njaa. Nne, alipewa chombo, kikiwa kimekamilika na mpini wake. Tano, aliachwa kwa muda unaojulikana, kisha matokeo yakatazamwa. Tukipima sera zetu za ajira kwa mambo hayo matano, tutaona mahali zilipopungua.

Amri zilizotangulia swali

Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvu kazi. Waliokutwa mijini bila kitambulisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Waliosombwa hawakuulizwa wanajua nini, na vijiji havikuulizwa vina ardhi na majembe kiasi gani. Wengi walirudi mjini mara walipopata nauli.

Mwaka 2005 iliahidiwa kwamba zitapatikana ajira milioni moja katika miaka mitano. Zikafuata fedha ambazo wananchi walizipa jina la "mabilioni ya JK", zilizotengwa kwa kiwango cha shilingi bilioni moja kwa kila mkoa. Nia ilikuwa njema, lakini mgawo ulikuwa sawa kwa mikoa isiyo sawa. Mkoa wenye watu mamilioni ulipata sawa na mkoa wenye watu laki kadhaa, na mkoa wa wavuvi ulipewa kwa masharti yale yale ya mkoa wa wakulima wa mahindi. Zaidi ya hayo, fedha zilipitia benki na zilikuwa na riba, ijapokuwa nafuu, na kwa sababu hiyo Waislamu wengi wenye kuchunga dini yao walijiweka kando.

Kwa wamachinga wa Mwanza, simulizi ni ndefu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2016 waliondolewa katikati ya jiji, na mnamo Desemba amri ikatoka juu kwamba waachwe. Desemba 2018 vikazinduliwa vitambulisho vya shilingi 20,000, wakaambiwa kwamba mwenye kitambulisho asisumbuliwe. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa tena barabarani na kupelekwa katika maeneo mapya. Hatusemi kwamba barabara ziachwe zizibwe. Njia ina haki yake, na dini yetu imetufundisha haki hiyo. Tunasema kwamba kijana aliyeanza biashara Makoroboi akiwa na miaka 20 alipewa amri tatu zinazopingana kabla hajafika miaka 26. Biashara gani inaweza kukua katika hali hiyo? Na ni mzazi gani atakayemwoza binti yake kwa moyo mweupe, akijua kwamba meza ya mkwewe inaweza kuondolewa wiki ijayo?

Ziwani hali ilifanana. Operesheni Sangara iliyoanza mwaka 2018 ilikuwa na lengo ambalo kila mwenye akili analiunga mkono: kuzuia makokoro na nyavu zinazovua samaki wachanga. Samaki ni amana, na anayevua mbegu anawanyima wajukuu. Lakini nyavu zilichomwa moto na faini zikatozwa bila kuwekwa njia ya mvuvi mdogo kupata wavu halali mahali pa ule ulioteketea. Tukirudi katika hadithi yetu, ile nguo ilichukuliwa, shoka halikutolewa.

Kigezo cha asilimia kumi

Uadilifu unatutaka tutaje jema. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa Muislamu, kuondolewa riba ni mlango uliofunguliwa, na tunashukuru. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Lakini tukitazama kigezo chenyewe, tunaona jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Asilimia 10 ni ya mapato ya halmashauri husika. Halmashauri ya jiji kubwa, yenye mahoteli, maghala na maduka ya kutoza ushuru, ina fungu nono. Halmashauri ya kisiwani, ambayo mapato yake ni ushuru wa mialo na mazao, ina fungu dogo. Kwa maneno mengine, palipo na kazi nyingi ndipo panapotolewa mikopo mingi, na palipo na uhitaji mkubwa ndipo panapotolewa kidogo. Mabilioni ya awali yaliwapa sawa wasio sawa. Utaratibu wa sasa unampa zaidi mwenye nacho. Suratul-Hashr, katika aya ya 7, inatufundisha kwamba mali haipaswi kubaki ikizunguka mikononi mwa matajiri peke yao. Ikiwa hilo ni kweli kwa watu, ni kweli pia kwa wilaya.

Kilichomo nyumbani mwetu

Je, Kanda ya Ziwa ingeulizwa ina nini nyumbani, ingejibu nini?

Ingetaja dagaa. Kuanzia Kayenze na Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, kina mama wanaanika dagaa juu ya mchanga na mawe. Jua likiwaka, mzigo unakuwa mzuri. Mvua ikinyesha, kazi ya usiku mzima inaoza, au inauzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha mifugo. Vichanja vya kuanikia, vibanda vya kukaushia na mitambo midogo vingeongeza kazi bila kuongeza mtumbwi hata mmoja ziwani. Chuo cha uvuvi kipo Nyegezi, ndani ya jiji hili hili, na elimu hiyo inafundishwa. Kinachopungua ni daraja baina ya chuo na mwalo.

Ingetaja sangara. Viwanda vya minofu vilipoanza kwa wingi miaka ya 1990 vilileta ajira za maelfu, na minofu ikasafirishwa Ulaya huku mapanki yakibaki kuwa kitoweo cha wenyeji. Samaki walipopungua, baadhi ya viwanda vilipunguza kazi au kufunga, na waliokuwa na mshahara wakarudi kwenye vibarua. Serikali sasa inahimiza ufugaji wa samaki katika vizimba, na Januari 2024 ilizinduliwa hapa Mwanza mikopo ya boti na vizimba. Ni hatua ya kupongezwa. Tunaomba tu itazamwe ni nani hasa anayeifikia: kikundi cha vijana wa mwaloni, au tajiri wa mitumbwi aliyeandikisha kikundi kwa majina ya vibarua wake.

Ingetaja pamba. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania inalimwa upande huu wa nchi. Wazee wanakumbuka jinsi wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walivyojenga muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria mwaka 1955, wakamiliki viwanda vya kuchambua pamba kwa jasho lao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, nguvu ya awali haikurudi. Mwatex hapa Mwanza na Mutex kule Musoma, ambavyo vingefuma nguo za nchi nzima, vilidhoofika. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi, na inarudi ikiwa shati. Kila robota linalopakiwa bandarini ni ajira ya kusokota, kufuma na kushona iliyopewa kijana wa nchi nyingine.

Mwisho ingetaja miundombinu mipya. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilometa 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Haya ni mambo makubwa, na mgonjwa aliyekuwa akisubiri kivuko usiku anajua thamani ya daraja. Lakini kivuko kilikuwa pia soko. Foleni ya magari ndiyo iliyokuwa ikinunua samaki wa kukaanga, mahindi na maji. Foleni imekwisha, na meza zile hazina mteja. Kumpangia mwuza samaki wa Kigongo mahali pengine pa kuuzia ni gharama ndogo mno ukilinganisha na gharama ya daraja. Inahitaji tu mtu aliyekumbuka kumuuliza.

Tunachoiomba serikali, na tunachojiomba sisi

Mapema mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 130,000. Hakuna serikali inayoweza kuwaajiri watu wote hao, na hatuiombi hivyo. Tunaomba mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wake.

Takwimu za ajira zitolewe kwa kila wilaya na zibandikwe katika ofisi za kata, ili wananchi wajue wanahesabiwaje. Mikopo ya halmashauri iwe na mfuko wa kusawazisha, ambao halmashauri tajiri zitauchangia na zenye uhitaji zitanufaika. Kila operesheni inayogusa riziki za watu itanguliwe na muda wa kujiandaa na njia mbadala iliyokwisha kuwa tayari. Na Dira ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, ishushwe hadi mwaloni: dagaa, minofu na pamba vikamilishwe hapa hapa vinapopatikana.

Nasi Waislamu tusiishie kuinyooshea serikali kidole. Misikiti yetu mingi haina hata daftari linaloonyesha vijana wangapi wa mtaa hawana kazi, wangapi wana ufundi, na wangapi wanahitaji cherehani au wavu tu ili waanze. Tunatoa zaka kwa kugawa noti ndogo ndogo zinazoisha jioni ile ile, ilhali kamati ingeweza kumtoa mtu mmoja kwa mwaka katika orodha ya wapokeaji kwa kumpa chombo cha kazi. Tuna majengo ya wakfu yanayoingiza kodi, nayo yangeweza kutenga chumba cha mafundi wanaojifunza. Tuna wafanyabiashara wanaoswali safu ya kwanza na kuajiri bila mkataba wala bima.

Kwa upande wa nyumba zetu, tuna neno kwa wazazi. Kijana asiye na kazi hahitaji kukumbushwa kila chakula kinapoandaliwa kwamba anakula bure. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Huyo alikuwa mfalme, na bado kazi ya mikono haikumpunguzia heshima. Kwa hiyo mwalimu anayeendesha bodaboda hana aibu yoyote. Aibu ipo kwa jamii iliyomsomesha, kisha haikumuuliza tena.

Tulipoagana na mama yule pale Mwaloni, jua lilikuwa limekwisha kupanda na magunia ya siku ile yalikuwa yamekwisha. Tulimuuliza, kabla ya kuondoka, ana nini nyumbani. Alifikiri kidogo, kisha akataja nyavu za kuanikia dagaa alizoachiwa na marehemu mumewe, uwanja mdogo karibu na ziwa, na mtoto aliyesoma. Mbao za vichanja ndizo ambazo hakuwa nazo.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape viongozi wetu masikio ya kusikia jibu kama hilo, na atupe sisi moyo wa kutosubiri mpaka wao walisikie. Amin.